Bati la Upande wa Jikoni

Nyumbani, 4 Machi

Binti yangu,

Usishtuke kuona barua badala ya simu. Hakuna aliyekufa. Unajua kwamba huku mtandao haushiki mpaka mtu apande kilimani, kwenye mlingoti, na betri ya simu yangu imechoka, haimalizi hata salamu. Nimeona heri kalamu. Dereva wa lori la maziwa hushuka kila Jumatatu na anasema barua moja haimwongezei mzigo.

Ndani ya bahasha kuna kurasa za Februari. Tangu radi ichome kile kisanduku kilichokuwa kikiwatumia namba chenyewe, nafanya kama mlivyoniagiza: nasoma mshale wa kipimo cha upepo chini ya mlingoti mara mbili, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kisha naandika. Mshale wenyewe ni mzima, radi haikuugusa. Utaona hakuna siku iliyo tupu. Niliipimia serikali mvua kwa miaka thelathini na mmoja na daftari langu halikuwahi kuwa na siku tupu, hata siku tuliyomzika mama yako. Asubuhi ile ilikuwa milimita nne.

Hapa ni salama. Lile bati lililolegea upande wa jikoni bado linapiga kelele upepo ukija. Jirani analalamika kwamba linamwamsha kabla ya jogoo wake. Mimi nimelizoea. Usinitumie mtu.

Mwambie bosi wako kilima hiki kina upepo mwingi kuliko maneno yake, na maneno yake nayajua.

Baba yako


Mjini, 18 Machi

Baba, shikamoo.

Barua imefika ikinuka maziwa. Kurasa nimezipeleka kwa bosi, akazigonga muhuri bila kuziangalia vizuri, kisha akarudi kuziangalia. Akaniuliza, "Huyu mzee anaandika saba ya namna hii kila siku?" Nikamwambia saba zako zote zimesimama wima hivyo, kama askari wa gwaride.

Acha nikueleze mambo yalivyo, maana kwa simu tulikuwa tunaishia kwenye salamu. Ukutani ofisini kuna ramani yenye pini mbili nyekundu. Moja ni kilima chetu, nyingine ni kilima cha ng'ambo ya bonde. Mitambo kumi na minane ya kufua umeme kwa upepo itajengwa kwenye kimoja tu kwa sasa. Kilima kinachotakiwa ni kile ambacho wastani wa upepo wake kwa mwaka mzima haupungui mita saba kwa sekunde. Mpaka Januari chetu kilikuwa saba nukta sita, tunaongoza. Kisanduku kipya bado kiko njiani na hakuna anayejua njia ipi. Kwa hiyo kuanzia Februari mpaka kikao cha tarehe 30 Juni, tunachokitegemea ni daftari lako peke yake.

Nami nina langu. Mitambo ikijengwa huko, kitahitajika kituo na mtu wa kukiangalia. Nimeandikisha jina langu. Sikutaka kukuambia mapema, lakini nimechoka kukuona mara moja kwa mwaka kama mtoza kodi. Nataka kurudi nyumbani.

Kuhusu bati: nilikusikia. Ndiyo maana nakutumia fundi.

Tafuta betri, tafadhali. Ukinipigia ukiwa kule juu nilikuwa nausikia upepo nyuma ya sauti yako, na mimi huku kazi yangu ni kuutazama kwenye kompyuta tu.

Binti yako


9 Aprili

Kwako dada uliyenipa kazi,

Salamu zangu ni fupi kwa sababu karatasi ni fupi. Mimi ni fundi wa mabati. Kazi ya paa la mzee wako nimeimaliza leo giza likiingia.

Mabati mengine hayakuwa na neno. Lile la upande wa jikoni ndilo lililokuwa limeachia, lilikuwa limeshikwa na msumari mmoja tu, tena wa kuazima. Nimelipigilia misumari kumi na miwili yenye mpira chini ya kichwa. Hata jini likija halitalitikisa.

Mzee hakutaka. Alisema, "Rekebisha yote, hilo liache." Nikamuuliza kwa nini, akasema ana kazi nalo. Nikadhani ni utani wa wazee. Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi tajiri wangu ni binti yako, na yeye ametaja bati hilo hilo." Hakuinuka kitini tangu nimefika mpaka nimeondoka, hata ngazi aliniambia nikaazime mwenyewe kwa jirani, na chai alinipikia huyo huyo jirani. Nikajua kakasirika. Mwombee msamaha kwangu.

Jambo la mwisho halinihusu lakini nimeliona nikiwa juu ya paa. Ule mlingoti wenu kama bado unatumika, mfyekeni njia. Nyasi zimefika kiunoni.

Fundi wako


Nyumbani, 14 Aprili

Binti yangu,

Fundi alikuja. Ana bidii na ana mdomo. Ahsante.

Nyumba sasa iko kimya kama ya mtu aliyehama. Jirani amefurahi sana, amenishukuru kana kwamba nimemtolea mahari. Analala mpaka jua linampiga usoni, na jogoo wake amebaki kuwika peke yake.

Kurasa za Machi ziko humu. Betri sijapata.

Umeniambia habari ya kurudi. Nimeisoma mara nyingi. Sina la kuongeza, ila chumba chako hakijawekwa kitu, sikukigeuza ghala.

Baba yako


Mjini, 20 Mei

Baba, shikamoo.

Naandika haraka, nisamehe. Kurasa za Aprili zimetuchanganya. Mpaka tarehe 9 jioni una nane, saba, tisa, nane. Kuanzia tarehe 10 asubuhi una nne, tatu, nne, nne, tatu, na haipandi tena. Nimezipanga mara tatu nikidhani nimekosea safu. Mchoro kwenye kompyuta unaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi.

Kwa mwendo huu mwaka utafunga kwa sita na nusu. Bosi amekwisha kuing'oa pini yetu ukutani. Hakuitupa, ameiweka mezani karibu na kikombe chake, na mimi nikipita naitazama.

Naomba utazame kipimo vizuri. Huenda mshale umeshika kutu, au kioo kina ukungu unaona vibaya. Gonga kioo kwa kidole uone kama mshale unaruka. Ukiwa huko juu jaribu kunipigia hata kama ni dakika moja. Mambo ya kilima hiki si ya ofisi tu kwangu, unajua.

Binti yako


Nyumbani, 29 Mei

Binti yangu,

Kipimo hakina kutu. Kioo hakina ukungu. Macho yangu hayana neno, barua yako nimeisoma bila miwani.

Upepo ni wa Mungu, huuleta na huuondoa. Nilipokuwa napima mvua palikuwa na mwaka ambao chombo kilikaa miezi mitatu kina vumbi na mdudu mmoja, na hakuna aliyekuja kuniuliza kama chombo ni kibovu. Niliandika sifuri na sifuri zikaheshimiwa. Vijana wa ofisini mkiona namba msiyoipenda mnamtilia shaka aliyeiandika.

Za Mei hizi hapa, mpaka leo asubuhi.

Hakuna jipya. Jirani kafura tena, safari hii si mimi. Jumanne asubuhi shuka yake iliruka kutoka kwenye kamba ikaenda kunaswa kwenye seng'enge ya mwenye maziwa kule bondeni, mwendo wa robo saa. Amelazimika kushuka kuifuata, na imechanika.

Baba yako


Mjini, 6 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku mbili kabla ya kushika kalamu.

Jumanne ilikuwa tarehe 26. Daftari lako linasema asubuhi ile upepo ulikuwa mita tatu. Mita tatu haziondoi leso kwenye kamba, sembuse shuka, tena mpaka bondeni.

Basi nikaitafuta barua ya fundi. Nilipoipata mwezi wa nne niliisoma kama mtu anavyosoma risiti: kazi imekwisha, basi. Safari hii niliisoma neno kwa neno. Paa lilimalizwa tarehe 9 Aprili giza likiingia. Saa kumi na mbili jioni ile bado uliandika nane. Asubuhi yake upepo wa kilima kizima ukafa. Fundi anasema ulimwambia una kazi na bati lile. Anasema hukuinuka kitini. Anasema nyasi za njia ya mlingotini zimefika kiunoni. Nawe tangu Machi hujanipigia simu hata mara moja, na simu hupatikana kule juu tu.

Sikuulizi kuhusu betri. Mara ya mwisho kufika mlingotini ilikuwa lini?

Nitakuambia wazi niko wapi, ili ujue unajibu nini. Nikinyamaza, kilima kinakosa mitambo kwa namba ambazo mimi najua si za kweli, na mimi nabaki mjini. Nikisema, watafuta kurasa zako, na mbele ya watu wote wewe utakuwa mzee aliyeandika uongo kwenye daftari la kazi. Hakuna upande ninaoupenda. Nina hasira nawe, Baba, na nina hofu zaidi ya hasira, kwa sababu mtu hakai kitini miezi mitatu bila sababu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Niambie ukweli. Zimebaki siku ishirini na nne.

Binti yako


Nyumbani, 13 Juni

Mama,

Marahaba.

Tarehe 27 Februari jioni. Nilisoma mita nane na nusu, nikaandika, nikateremka, na pale kwenye mawe mawili, pale ulipong'oka jino ukiwa mdogo, mguu ukateleza. Nilianguka kwa nyonga. Nilijikokota mpaka nyumbani giza likaniwahi mlangoni. Tangu hapo natembea kwa mti, kutoka kitandani mpaka kitini, na kutoka kitini mpaka chooni. Jirani ndiye anayenisitiri. Nilimwapisha asikuambie, na yeye akasema ataapa nikinyamazisha bati. Unaona hata yeye hakulipenda.

Sasa habari ya bati. Miezi yote ile nilipokuwa nikipanda kuuangalia mlingoti, hata kabla radi haijachoma kisanduku, kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu nilikuwa nalisikiliza, nataja namba peke yangu, halafu napanda kuangalia kama nimepata. Ulikuwa mchezo wa mtu asiye na wa kucheza naye. Likigonga mara moja na kutulia ni tano. Likigonga mfululizo ni saba. Likitetemeka bila kupumzika ni nane, tisa. Likipiga mluzi ni kumi na moja, na hapo usitoke nje. Kufikia Desemba nilikuwa sikosi. Basi nilipoanguka nikajiambia, nitaandika la bati siku mbili tatu mpaka nyonga ipoe. Nyonga haikupoa. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo na bati.

Alipokuja fundi wako nilimwambia aliache, hakusikia. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa fundi ndiye hakusikia, na guu likawa la mkuu.

Baada ya hapo nilikuwa nalala nikisikiliza na sisikii kitu. Nikaandika kilichofika masikioni. Nilijua si sawa. Ningeweza kubuni nane na saba, ukafurahi, na leo ungekuwa unafunga mizigo. Hilo sikuweza, sikuwahi kuandika kitu nisichokisikia. Lakini kuacha siku tupu nako sikuweza. Mkono ulikataa. Kwa hiyo nikaandika kimya cha nyumba yangu, nikakiita upepo.

Kwa nini sikusema. Niliogopa utanichukua unipeleke mjini, ghorofa ya tatu, nikae dirishani nikitazama ukuta wa watu. Na niliogopa watampa mtu mwingine daftari. Sasa nimefanya jambo la kijinga zaidi ya yote mawili, nimekuharibia njia ya kurudi. Nimelia, nakuambia kama ilivyo.

Waambie. Karatasi hii ya pili ni yao, nimetia sahihi. Mpaka 27 Februari jioni: mshale. Kuanzia 28 Februari mpaka 9 Aprili: bati. Kuanzia 10 Aprili: si kitu. Usiipunguze makali kwa ajili yangu.

Baba yako


Mjini, 2 Julai

Baba, shikamoo.

Kikao kilikuwa juzi. Nilisimama nikaisoma karatasi yako yote, pamoja na "si kitu". Sikuipunguza.

Hakuna aliyecheka. Bosi alisema, "Bati?" Nikasema ndiyo, bati. Nilikuwa nimejiandaa. Namba za mlingoti wa ng'ambo ya bonde na za wetu hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo mtu anaweza kukadiria zetu kwa kuzitazama zile. Nilizichukua siku zako arobaini na moja za bati nikazilinganisha moja moja. Tofauti yake ni chini ya nusu mita. Mtaalamu mmoja mgeni aliiomba ile karatasi, akaisoma, akasema kuna vifaa vya dukani vinavyokosea zaidi ya hapo.

Lakini kanuni hazitambui bati. Kurasa zote kuanzia 28 Februari zimepigwa mstari mwekundu. Kilima cha ng'ambo ndicho kitakachojengwa. Chetu hakikufutwa, kitapimwa upya mwaka mzima kuanzia mwezi huu, kisanduku kipya hatimaye kimefika. Pini imerudi ukutani, ya bluu safari hii. Jina langu limerudi kwenye droo.

Daftari litaandikwa sambamba na kisanduku, radi isitukute tena, lakini wamempa mtu mwingine, kama ulivyoogopa. Waliniuliza nani huko ana miguu mizima na haogopi kupanda. Nikamtaja fundi wa mabati. Mtu anayeandika mpaka yasiyomhusu atatufaa.

Nitakuwa huko tarehe 1 Agosti, kwa likizo ya wiki tatu. Nakuja kukupeleka kwa daktari wa mifupa na kukurudisha nyumbani. Ghorofa ya tatu hainihitaji mimi mwenyewe, sembuse wewe.

Nami nina la kukiri. Uliniambia usinitumie mtu. Nilidhani najua kilicho kizuri kwako kuliko wewe. Misumari ile kumi na miwili niliipigilia mimi.

Binti yako


Nyumbani, 20 Julai

Mama,

Marahaba. Habari ya daktari nimekubali, usije na maneno ya kunibembeleza.

Fundi alianza kazi tarehe 6. Amefyeka njia. Akishuka hupita hapa na kuniambia kipimo kinasemaje, na habari nyingine ambazo sikumwomba. Saba zake zimelala kama walevi, lakini ni saba. Nimemwonyesha namna ya kusimama mbele ya kioo ili asiusome mshale kwa upande.

Daftari langu la nyumbani bado ninalo. Kuanzia kesho yake ya siku ile nilipokuandikia mpaka fundi alipoanza, ni siku ishirini na mbili na sikuandika kitu. Nimeziacha tupu, nimechora tu tarehe. Ya kwanza ilinitoa jasho, nilishika kalamu mpaka chai ikapoa. Ya ishirini na mbili nilikunywa chai ikiwa moto. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukija utaziona.

Kilima umekikosa mwaka huu, na mimi ndiye sababu. Sikukitaka kwa ajili ya umeme, wala barabara. Nilitaka uwe na kisingizio cha kurudi. Ningekuwa na akili ningekuambia tu kwamba nimekukumbuka.

Sasa fundi akipita jioni hunitaka nikisie kabla hajasema, maana amesikia habari za bati. Jana nilisema nne, ilikuwa tisa. Juzi nilisema nne vilevile, ilikuwa nane. Amenionea huruma, na huruma ya fundi siitaki. Upepo unapita juu ya kichwa changu mchana kutwa na sijui kama upo mpaka mtu aje kuniambia.

Nimemwomba ang'oe ile misumari. Amekataa. Anasema kazi ile aliagizwa na tajiri wake, na bila tajiri wake hagusi.

Njoo na nyundo.

Baba yako